Alishuka, akaacha nafasi yake kwa watoto

Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 2025, mu Texas kule Marekani, mto Guadalupe ulijaa wakati watu wamelala. Mu dakika 45 tu maji yalipanda karibu meta 8. Kando ya mto kulikuwa kambi ya mabinti wa likizo, Camp Mystic. Mabinti na wasimamizi wao 27 walikufa pale.

Scott Ruskan, wakati ule kijana wa miaka 26, alikuwa mwogeleaji wa kuokoa watu mu jeshi la walinzi wa pwani. Ile njo ilikuwa safari yake ya kwanza ya kuokoa. Hewa ilikuwa mbaya, elikopta yao ilihangaika saa mingi mbele ya kufika. Alipofika alikuta watu karibu 200, wengi watoto, wamelowana, wengine bila viatu. Aliona kama akirudia mu elikopta, anakamata nafasi ya mutu. Akawaambia wenzake: endeni, mimi nabaki. Akabaki chini peke yake, anapanga nani atangulie, anawabeba watoto ku mikono mupaka ku elikopta za jeshi zilizokuja kusaidia. Watu 165 walitoka pale.

Mbele ya kuingia mu jeshi alikuwa kontable. Sisi wa sendika, makontable tunawajua: njo wale wanatuambia feza hakuna! Huyu nampa mukono.

Lakini tuangalie vizuri. Huyu kijana alifundishwa kwa nguvu, mafunzo ambayo wengi wanaanguka mbele ya kumaliza. Nyuma yake kulikuwa rubani, makanika, winchi, mafuta, na mushahara. Leta ililipa hii yote mbele mvua ianze.

Huku kwetu Kalehe, mwezi wa tano 2023, Bushushu na Nyamukubi zilifunikwa na matope, zaidi ya watu 400 wakafa. Jirani walichimba na majembe na mikono mitupu kutafuta watu wao. Moyo haukukosa hata kidogo. Vyombo njo vilikosa.

Na mu mugodi ni vile vile. Mwaka moja maji yaliingia mu shimo tulimokuwa tunatumika. Kamarade wetu moja alishuka na kamba ya kufungia mizigo, akapandisha wawili. Akarudia kutafuta wa tatu, hatukumuona tena. Ku kilio wakubwa walimuita shujaa, wakaleta maua mazuri sana. Kamba ingine hawakununua.

Sasa tunaenda kukaa na wakubwa ku mazungumuzo, na sendika imeandika: kila mugodi uwe na kikosi cha waokoaji waliofundishwa na wanaolipwa, na winchi, kamba nzuri, na pompi zinazowaka. Watatujibu kama ni bei kali. Tumeomba waandike jibu lao ku karatasi, watie sinyatiri, mbele ya mvua ya kwanza.