Weka Chini Kijiti cha Meno
MEZA YA FUNDI, na Mzee Lehemu

Intaneti ikigoma, mkono wa kwanza huenda kwenye kijiti cha meno. Nyuma ya kisambaza waifai, kiwe cha dukani au cha gesti, kuna kitundu kilichoandikwa "reset", na mwenye nacho hukichokonoa mpaka taa zote ziwake kwa pamoja. Hapo kifaa kimeshasahau kila kitu: jina la mtandao, nywila, hata maelezo ya kukiunganisha na kampuni inayouza intaneti. Ubovu wenyewe uko palepale. Fundi aliyekuwa aitwe kwa ugonjwa mmoja sasa anakuta miwili.

Mwandishi wa safu hii hana ugomvi na kitundu hicho. Mtu akisahau nywila ya kifaa chake, kipo kwa kazi hiyo. Lakini kifaa kinachojizima na kujiwasha chenyewe hakijasahau chochote. Kina njaa ya umeme, na kijiti hakilishi.

Chukua duka moja la steshenari huko Kariakoo. Asubuhi mambo shwari, simu mbili na kompyuta ya kuchapia. Jioni, wapangaji wa juu wakirudi kila mmoja na simu yake, taa za kifaa zinazimika, zinaanza upya moja baada ya nyingine, dakika mbili baadaye zinazimika tena. Mwenye duka ameilaumu kampuni ya intaneti, akaongeza bando, wapi! Fundi akaja na maltimita yake, akachomoa pini ya adapta na kuipima: volti 12 na ushee.

"Si unaona nzima hiyo," mwenye duka akasema.

"Mama, imepumzika hiyo. Ngoja tuibebeshe mzigo."

Akafungua kifaa, akairudisha pini, akagusisha ncha za maltimita ndani, pale umeme unapoingilia, huku simu zote zikivuta video. Volti zikaporomoka mpaka 9, taa zikazimika mbele ya macho yao.

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Adapta iliyochoka huonyesha volti kamili ikiwa haina mzigo. Redio ya waifai hula umeme zaidi inaporusha mawimbi, hivyo kifaa kitavumilia watu wawili na kuanguka kwa kumi na tano. Anayechoka zaidi ndani ya adapta ni kapasita, yule mtungi mdogo wenye majimaji ya kemikali. Joto ndilo adui yake: kwa hesabu ya kawaida ya mafundi, kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza maisha yake kwa nusu. Na adapta za kwetu huishi wapi? Nyuma ya friji, au kwenye ekstensheni moja na pasi.

Kapasita mgonjwa anaonekana kwa macho. Kichwa chake, chenye mikwaruzo ya msalaba, hutakiwa kiwe bapa; kikivimba kama andazi, au kikitoa ukoko wa kahawia, kazi imekwisha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 dunia nzima iliugua ugonjwa huo kwa sababu ya kapasita zenye kemikali mbovu, na mwaka 2005 Dell peke yake ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya kompyuta zilizoathirika. Kumbadilisha kapasita ni kazi ya dakika chache na lehemu kidogo: maikrofaradi zilezile, volti zilezile au zaidi, na mstari wa ubavuni ukae upande wa hasi.

Kuazima adapta ya jirani ni hatari nyingine. Linksys walipotoa WRT54G mwishoni mwa 2002, toleo la kwanza lilitumia adapta ya volti 5; toleo lililofuata, kwa jina lilelile, likataka volti 12. Pini kuingia si ushahidi wa chochote. Volti na upande wa chanya lazima vilingane. Ampea ziwe sawa au zizidi.

Kwenye hoteli na ofisi, visambaza vya darini hulishwa umeme kupitia waya wa mtandao wenyewe, na mafundi wanaita PoE. Swichi ya kiwango cha 802.3af, cha mwaka 2003, inatoa wati 15.4 kwenye mlango wake, na kifaa kinahakikishiwa 12.95, zinazobaki huliwa na waya njiani. Swichi hiyo haimwagi umeme ovyo. Kwanza hupima kama upande wa pili kuna ukinzani wa kama kilo-omu 25, ndipo ifungulie. Vipo vifaa vya zamani vya volti 24 visivyojua salamu hiyo: ukivichomeka havipati kitu, mwenye navyo anavitangaza vimekufa, kumbe ni vizima kabisa.

Kisha kuna waya wenyewe. Chukua wembe, kwangua uzi mmoja wa ndani. Rangi ya shaba ikitoka na kuacha weupe wa bati, huo ni alumini iliyopakwa shaba, na alumini huzuia umeme zaidi kuliko shaba. Kwa mita 10 utapona. Ukikaribia 100, kifaa cha darini kitajizima kila watu wanapojaa. Anayemuuzia mteja waya huo kwa bei ya shaba ni mwizi, basi.

Tanga, Mombasa na Unguja ongeza chumvi ya bahari: vichwa vya RJ45 vilivyofungwa nje huota kutu ya kijani kwenye meno yake, na hapo kukata kichwa na kufunga kipya huponya kinachodhaniwa kimeungua.

Pale Kariakoo fundi hakugusa mpangilio wowote wa kifaa. Alichomeka adapta mpya ya volti 12, ampea 1.5, akasubiri simu zote zirudi hewani. Kisha akakata kipande cha plasta nyeupe, akaandika kwa kalamu nene "WAIFAI TU" na kukibandika mgongoni mwa adapta hiyo, maana kwenye ekstensheni ileile kulikuwa na adapta ya king'amuzi yenye pini ileile.