Kura Iliyogawa Nyumba

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nitoe dukuduku langu juu ya wasomaji wanaosifu kura ya maoni kana kwamba ni dawa ya kila fitina. Nilikuwapo Montreal tarehe 30 Oktoba 1995, siku raia wa Quebec walipoulizwa kama jimbo lao la Kanada litwae mamlaka yake kamili, na waliokataa wakawashinda waliokubali kwa kura zisizotimia 55,000. Nami nikawashuhudia jirani zangu, ndugu wa tumbo moja, wakiacha kuamkiana kwa ajili ya alama ya kalamu, hata mazishini kwa mama yao (Mungu amrehemu) kila mmoja akasimama upande wake. Je, enyi wenye hukumu, shauri zito namna hii lafaa likatwe kwa nusu na chembe? Tujibuni.

Wako mtiifu,
Msomaji, Montreal