Si Maringo
Kijana anayepitia mlango wa uani ili asisalimiane na wageni waliojaa sebuleni huambiwa ana maringo. Huenda ana hofu ya kijamii: salamu anazijua, ila moyo unamdunda kwa kuogopa kuchekwa. Au ana usonji, ambao daktari Leo Kanner aliueleza mwaka 1943. Mwenye usonji hulemewa na kelele, manukato na kukaziwa macho, hata kama haogopi mtu. Wengine wana vyote viwili, maana aliyezomewa jana hujificha leo. Tofauti ya hofu na usonji ina uzito (hata wataalamu wakati mwingine hushindwa kuiona): mwenye hofu husaidika akizoeshwa watu kidogo kidogo, lakini masikio yanayoumizwa na spika hayazoeshwi kwa kuongezewa spika. Kumlazimisha kijana ashike mikono ya ukumbi mzima si malezi, ni kumwonea. Kupunga mkono kunatosha.