Fomu Isiyosomeka ni Mlango Uliofungwa

Kijana mwenzetu, hebu jiulize: ruzuku ya dharura huanzia wapi? Wengi watakwambia huanzia pale pesa zinapoingia kwenye simu. Sisi tunasema huanzia kwenye fomu. Fomu ikikushinda, hata hazina ya serikali iwe na mabilioni, wewe senti hutaiona. Na ushahidi tunao, japo unatoka mbali: Alaska.

Septemba 2022, masalia ya kimbunga Merbok yaliipiga pwani ya magharibi ya Alaska, jimbo la Marekani lililo kaskazini kabisa. Bahari ilipanda ikaingia vijijini, kwenye ufuo wa zaidi ya kilomita 1,600. Golovin, Hooper Bay, Newtok na vijiji vingine vingi viliumia. Kuna nyumba zilizong'olewa kwenye misingi yake, na mashua na nyavu zikasombwa.

Wengi wa wakazi wa pwani hiyo ni Wayup'ik na Wainupiaq, watu walioishi pale kabla Marekani haijaitwa Marekani. Vijiji vyao havina barabara ya kwenda mjini. Ni ndege au mashua tu. Wanakula walichovua na walichowinda: samoni, sili, ndege wa porini. Na kimbunga kilikuja wakati mbaya, akiba ya msimu wa baridi imeshajaa kwenye friza na baridi kali iko mlangoni. Kila wiki iliyopotea ilikuwa wiki ya njaa baadaye.

Tuwe wakweli: serikali yao haikulala. Tarehe 23 Septemba 2022 Rais Joe Biden alitangaza janga kuu, na FEMA, shirika la serikali la kushughulikia majanga, likafungua maombi. Ruzuku hiyo si mkopo, hairudishwi. Mwaka ule kiwango cha juu kwa kaya moja kilikuwa dola 37,900 za makazi, na kiasi kama hicho kwa mahitaji mengine. Pesa zilikuwepo. Sheria ilikuwepo.

FEMA ikafanya jambo jema: iliajiri kampuni moja itafsiri maelezo ya kuomba msaada kwa Kiyup'ik na Kiinupiaq. Karatasi zikatoka. Waandishi wa redio ya KYUK mjini Bethel, inayotangaza pia kwa Kiyup'ik, walipozisoma walibaki wameduwaa. Mahali palipotakiwa kueleza namna ya kuomba ruzuku, palikuwa na maneno ya mwindaji anayetoka alfajiri na kurudi mikono mitupu. Pengine palitajwa mume, na dubu mweupe aliyekonda! Uchunguzi ulionyesha kuwa maneno mengi yalinyofolewa kwenye mkusanyiko wa hadithi za miaka ya 1940 kutoka Siberia, ng'ambo ya bahari, kwa lugha nyingine ya ukoo huo. Karatasi nyingine ya Wainupiaq iliandikwa kwa Kiinuktitut, lugha ya kaskazini mwa Kanada, tena kwa herufi wasizozitumia.

Ni kama mzee wa Faza, nyumba yake imeingia maji, aletewe fomu ya msaada, na ndani akute vipande vya hadithi ya sungura na fisi kwa Kizulu. Ati zote si lugha za Kibantu?

FEMA ilikubali kosa, ikaachana na kampuni ile, na kampuni ikarudisha dola 5,116 ilizolipwa. Shirika likasema hakuna aliyenyimwa msaada kwa sababu ya makosa hayo. Hapo ndipo tunapouliza: utamhesabuje bibi aliyeishika karatasi ile, akaiona haina maana, akaiweka chini? Huyo hakuomba. Na asiyeomba hahesabiwi kuwa amenyimwa. Mtu anaweza kukosa haki yake bila jina lake kuonekana kwenye orodha yoyote.

Tena kidonda hiki ni cha zamani. Vizazi vya watoto wa wenyeji wa Alaska viliadhibiwa shuleni kwa kuzungumza lugha zao. Watu walewale walioambiwa lugha yao haifai, sasa wanaletewa lugha hiyohiyo ikiwa imegeuzwa takataka.

Na lugha si neno pekee lililotafsiriwa vibaya. Neno "nyumba" pia. Ruzuku ya makazi ya FEMA ni ya nyumba unayoishi kwa kawaida. Sasa kambi ya uvuvi kando ya mto, ambako familia hukausha samaki wa mwaka mzima, kwa afisa ni nyumba ya pili, kama banda la mapumziko la tajiri. Kwa Myup'ik ndiyo ghala, ndiyo jiko. Aliyeandika kanuni hakukosa huruma. Alikosa mtu wa kijijini pembeni yake wakati anaandika.

Msidhani ni habari iliyopita. Oktoba 2025 masalia ya kimbunga Halong yaliharibu vibaya vijiji vya Kipnuk na Kwigillingok. Mamia ya watu, wazee kwa watoto, walisafirishwa kwa ndege hadi Anchorage, takriban kilomita 800 kutoka kwao. Kuna watoto waliopokewa katika shule ya mji huo inayofundisha kwa Kiyup'ik. Shule hiyo ilikuwepo kabla ya maji kuja. Hilo ndilo funzo: lugha ya watu huandaliwa mapema, haitafutwi siku ya msiba.

Na sisi? Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 7, inaitaka dola kukuza matumizi ya lugha za kiasili, na kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Mto Tana ukifurika, Mpokomo na Muorma wana haki ya kuelewa wanachotia sahihi.

Kwa hiyo, kijana, wewe unayejua lugha ya nyanya yako na lugha ya ofisi, una kazi. Fomu ya msaada ikifika mtaani, isome yote kwa sauti mbele ya wazee. Uliza tarehe ya mwisho. Uliza rufaa inakatwa wapi. Tafsiri ikiwa mbovu, ipige picha, iandikie ofisi husika na waambie redio ya jamii. Na usingoje mvua: nenda kwenye baraza sasa, uulize hizo fomu zimeandikwa kwa lugha gani, na nani wa kwenu aliyezipitia.