TUSICHEKE KANISA DOGO



Jumapili moja ya mwezi uliopita, sisi wachache tulipanda mlima kwenda kusali pamoja na Waanglikana. Kanisa lao ni kuta za udongo, majani juu, na benchi sita za mbao. Tulihesabu watu 19, watoto ndani. Wakati wa kurudi mmoja wetu akasema, "Ile si kanisa, iko kikundi tu!" Wote tukacheka. Lakini kicheko kile kimetukaa rohoni, na leo tunasema wazi: tulikosa.

Kwanza, tulisahau namna kanisa hili lilivyoingia Kongo. Halikuja na gari wala mabati. Mwaka 1896 Apolo Kivebulaya, mwalimu Muganda, alitoka Toro akafika Boga. Hakuwa hata mchungaji bado. Alipigwa, akafungwa, na wasomaji wake wa kwanza walikuwa wachache sana. Chifu Tabaro, aliyemtesa mwanzoni, baadaye alibatizwa. Apolo alipokufa mwaka 1933, alikuwa ameagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, kule kazi ilikobaki.

Kwa miaka mingi kazi ile haikwenda mbali na Boga, maana misioni za Kiprotestanti zilikuwa zimegawana inchi, kila moja na sehemu yake. Baada ya uhuru wa 1960 mambo yaligeuka. Wakristo wa kawaida walihama juu ya biashara, kazi au vita. Walisali nyumbani kwanza, kisha wakaomba mwinjilisti. Dayosisi ya Boga iliundwa 1972, ya Bukavu 1976, na mwaka 1992 inchi yetu, iliyoitwa Zaire, ikapata askofu mkuu wake. Ni kanisa la maaskofu, ndiyo, lakini lilitembea kwa miguu ya watu wasio na cheo.

Pili, kuna jambo la lugha. Boga walikuwa wakisali kwa Kitoro. Kanisa lilipofika katika miji ya watu mchanganyiko, Kiswahili kikachukua nafasi, na kila mtu akaweza kuitika.

Kwetu Masisi na Walikale jambo hilo si dogo. Wahunde, Wanyanga, Watembo, Wahutu, Watutsi, sote tunajua vita ya 1993, iliyoanza Ntoto katika Walikale ikapanda mpaka Masisi, namna ilivyotenga majirani. Mpaka leo yako makanisa yanayojaa watu wa lugha moja tu. Ni makubwa, lakini mgeni hana pa kukaa. Katika lile la watu 19, mlangoni tulisikia salamu za lugha tatu, na ndani sala moja. Mama mmoja aliyekimbia kutoka Walikale alisoma somo, na mama mwenyeji alimshikia mtoto wake mgongoni. Hapo hatukucheka. Tulicheka tu tulipokuwa mbali.

Wengine watasema, "Makanisa yamezidi, kila mtu anafungua yake!" Ni kweli, na kanisa linalozaliwa na ugomvi wa cheo hatulisifu. Basi tusiulize liko na watu wangapi. Tuulize limezaliwa na nini, na nani anakaribishwa kukaa.

Ombi letu kwa walimu ni hili: kila mwezi darasa moja lipande kusaidia kubeba mawe ya msingi, na wanaosoma vizuri wawafundishe wazee wasiojua kusoma. Ombi letu kwa wanafunzi ni gumu zaidi. Jumapili hii, katika kanisa letu la mabati, tuangalie vizuri namna tunavyokaa. Kama kila kabila liko na benchi yake, basi kikundi ni nani, wao ao sisi?

Ni sisi ndugu zenu tuliocheka.