Asili ya Neno Isimpoteze Msomaji

Wapo wasomaji wa Kiingereza ambao, wakikutana na neno geni, hulichambua upesi wapate kuona limetoka wapi, na wakishaijua asili yake huridhika kwamba maana wameipata. Desturi hiyo ni nusu ya elimu, na kivumishi egregious, ambacho makazi yake ni hukumu za mahakama, tahariri na vitabu vya wanazuoni kuliko mazungumzo ya kila siku, chatosha kuonyesha hatari yake.

Neno hili chimbuko lake ni egregius la Kilatini, lililoundwa kwa e, yaani nje ya, na grex, yaani kundi la mifugo. Aliyeitwa hivyo alihesabiwa kuwa ametokeza katika kundi kwa ubora wake, nayo ilikuwa sifa kubwa. Waingereza walipolipokea katika karne ya 16 walilitumia kwa sifa hiyohiyo, lakini hata kabla karne hiyo haijaisha walikwisha kulielekeza kwa mwongo na mpumbavu aliyewapita wenzake wote, pengine kwa kejeli mwanzoni, kisha kejeli ikazoeleka hadi ikawa ndiyo maana yenyewe. Samuel Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1755, aliziandika zote mbili, ya utukufu na ya ubaya uliokithiri. Leo ile ya kwanza imekufa kwa Waingereza, ingawa Waitaliano wangali wakianza barua rasmi kwa egregio, wala anayeandikiwa haoni kuwa ametukanwa.

Basi kosa linaloitwa egregious si kosa kubwa tu, bali ni ovu la wazi, ambalo kila mwenye macho analiona na hakuna awezaye kulitetea kwa uso mkavu. Kujua habari ya kundi kunasaidia kulikumbuka neno, na hata kuwatambua ndugu zake, kama congregation, mkusanyiko wa waumini, na segregation, kutenganishwa kwa watu. Lakini maana ya leo huamuliwa na matumizi ya leo.

Kwa kuwa masomo ya sekondari Tanzania na Kenya hufundishwa zaidi kwa Kiingereza, yawapasa walimu kuwazoeza wanafunzi kusoma sentensi za mifano zilizomo katika kamusi, wasiishie kwenye asili ya neno. Mwanafunzi atakayemwandikia mwalimu wake mkuu barua ya kumsifu kwa kivumishi hiki atakuwa amemtukana, tena kwa Kiingereza fasaha.