Mzee Kitereza Apewe Nafasi Yake



Wengi wetu tukiulizwa habari za waandishi wa Ukerewe humtaja Euphrase Kezilahabi, wala si vibaya, maana kitabu chake cha Rosa Mistika (1971) chajulikana sana. Lakini mwaka 1945, Kezilahabi akiwa bado anabebwa mgongoni, mwenyeji mwingine wa kisiwa hicho alikuwa amekwisha kumaliza riwaya ndefu kwa Kikerewe. Ndiye Mzee Aniceti Kitereza, nami naona shule zetu zimemnyima haki yake.

Alizaliwa mwaka 1896, akasomeshwa na wamisionari, hata Kilatini akakijua. Mtu wa elimu hiyo angaliweza kuandika kwa lugha ya wakubwa akasifiwa. Yeye alichagua lugha ya mama yake, kusudi vijana wa Ukerewe wasisahau jinsi babu zao walivyoishi. Uchaguzi huo ulimgharimu. Padre Almas Simard alimtia moyo, lakini mpiga chapa hakupatikana. Nani angechapa kitabu kinene hivyo kwa lugha ya watu wachache? Basi katika uzee wake Kitereza akaketi tena, akakifasiri chote kwa Kiswahili kwa mkono wake mwenyewe. Kilichapwa mwaka 1980, baada ya miaka 35. Mwaka uliofuata mwandishi akafariki, kabla nakala hazijamfikia.

Wako wenzangu wasemao kwamba Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka si riwaya, ni daftari la mila tu. Husema, "Kurasa ngapi za kupika pombe ya ndizi!" Kweli ni nyingi. Lakini na watazame pombe hiyo ni ya nini. Myombekere na mkewe hawana mtoto. Wazazi wa mke wamekasirika wamemchukua binti yao. Mume aenda ukweni kumwomba arudishwe, naye atozwa faini ya pombe. Kila ndizi inayokamuliwa pale yamkaribisha kwa mkewe. Msomaji arukaye kurasa hizo hatajua mtu huyu alimpenda mkewe kiasi gani, maana Myombekere hasemi maneno matamu, afanya kazi. Tena jamaa walimshauri aoe mwingine, akakataa. Mimi sijui kisa cha mapenzi kilichonigusa zaidi katika vitabu tulivyosoma darasani, na kwa jambo hili sitabishana na wavulana wa Kidato cha Tatu.

Jambo lingine ni ugumba. Vijijini mwetu mpaka leo lawama humwangukia mke peke yake. Kitereza aliwapeleka wote wawili kwa mganga, nao wakaja kupata Ntulanalwo na Bulihwali. Aliyeandika hayo alikuwa mzee wa zamani, si mtu wa semina za leo.

Gabriel Ruhumbika, mzaliwa wa Ukerewe pia, alikifasiri kwa Kiingereza mwaka 2002, na Wajerumani wanacho kwa lugha yao. Katika maktaba yetu nimetafuta rafu zote za riwaya: hakimo hata kimoja.

Naomba wakuu wa maktaba watununulie nakala mbili, moja ya kuazima na moja ya kukaa mezani. Wazazi watakaokuja Siku ya Wazazi, hasa waliotoka pande za Ziwa, kama mnayo nakala nyumbani isiyosomwa, tafadhali njoni nayo. Tutaifunika jalada vizuri.